Nyumba ya chokaa na fundi wa saruji

Masika yakishapiga wiki mbili tatu, nenda ukatembee vichochoro vya Mji wa Kale, Mombasa, au Mkomani kule Lamu, ukazitazame kuta kwa chini, kuanzia magotini mpaka kiunoni. Utaona rangi imevimba kama upele, plasta imeachana na ukuta ikafanya tumbo, na palipopasuka panatoka unga mweupe wa chumvi. Muulize mwenye nyumba, atakwambia: "Ukuta huu una maradhi. Nimeutia saruji mara tatu na haukomi."

Mara tatu! Nami huwajibu hivi, na leo nawajibu tena mbele ya wasomaji wote: ukuta haukomi kwa sababu ya hiyo saruji yenyewe.

Sisemi saruji ni haramu. Ghorofa za leo zimesimama kwa saruji na vyuma, na saruji ndiyo mahali pake. Nasema nyumba ya wazee wetu si ya ukoo huo. Imejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na mchanga, kuta zake zina unene wa kiasi cha sentimita 40 hadi 50, na jiwe lenyewe lina vitundu vitundu kama sifongo. Jiwe hilo hunywa maji. Hunywa kutoka ardhini, hunywa mvua, hunywa na unyevu wa bahari pamoja na chumvi yake. Jua likitoka na upepo ukivuma, ukuta huyatoa yale maji kupitia chokaa, kama mtu atokwavyo na jasho. Hiyo ndiyo afya yake.

Sasa mpake saruji mtu anayetoka jasho! Maji hayapati pa kutokea, basi huzidi kupanda ndani ya ukuta, na unyevu uliokuwa magotini mwaka jana mwaka huu uko kifuani. Chumvi nayo huganda nyuma ya plasta na kuisukuma nje. Na kwa kuwa saruji ni ngumu kuliko hilo jiwe, siku ikianguka haianguki peke yake, bali hushuka na nyama ya ukuta. Chokaa ikichakaa wapaka nyingine. Jiwe likichakaa utapaka nini? Anayedai chokaa haina nguvu na aende Gede, mji uliohamwa tangu karne ya 17, akaziangalie zile kuta zilizosimama msituni bila ya mtu wa kuzipaka.

Ndugu msomaji, kabla hujaita fundi, uchunguze ukuta wako mwenyewe, si kazi kubwa. Gonga kwa kifundo cha kidole, hatua kwa hatua. Panapolia kama ngoma, hapo plasta imekwisha kuachana na jiwe. Kisha kwaruza kwa ncha ya msumari: ikitoka unga mweupe kwa wepesi, hiyo ni chokaa, ikikataa na kuacha mstari wa kijivu, hiyo ni saruji. Saruji iliyoachana na ukuta ibanduliwe taratibu kwa patasi na nyundo ndogo, isipigwe kwa nyundo ya kubomolea. Ile iliyoshika imara iache kwanza, maana ukiing'oa kwa nguvu utaondoka na matumbawe. Ukuta ukishavuliwa, uache wazi upigwe na upepo, wiki kadhaa ikiwezekana, na kila siku upanguse ile chumvi kwa burashi kavu. Usiioshe kwa maji, utairudisha ndani.

Zamani chokaa ilichomwa papa hapa petu. Matumbawe yalipangwa juu ya magogo, yakawashwa moto mpaka jiwe likatoka jeupe, jepesi. Likitiwa majini lilifoka na kuchemka bila ya moto chini yake, kisha likaachwa shimoni majuma na miezi, na kila lilipokaa ndipo lilipozidi kulainika mpaka likawa kama samli iliyoganda. Mwalimu wetu wa chuoni alikuwa na shimo kama hilo nyuma ya nyumba, na adhabu ya asiyehifadhi ilikuwa kuchota ndoo za maji na kulijaza. Mpaka leo sijui kama Juzuu Amma niliihifadhi kwa akili au kwa kuzihofu zile ndoo.

Siku hizi wengi wetu tutanunua chokaa ya unga kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Angalia mfuko vizuri. Iko chokaa ya kujengea na iko chokaa ya shambani ya kutibu udongo, na hii ya pili ni jiwe lililosagwa tu bila kuchomwa. Ukiipaka ukutani itapukutika kama vumbi. Hata hiyo ya kujengea usiikimbilie. Iloweke kwenye pipa, maji yaifunike, ikae usiku kucha kwa uchache, na ikikaa wiki mbili ni bora zaidi. Ukibahatika kupata chokaa mbichi ya tanuri, tahadhari sana: tia chokaa kwenye maji kidogo kidogo, kamwe usimwage maji juu ya chokaa, na watoto wawe mbali. Ile hufoka, na tone moja jichoni laweza kumpofua mtu. Funika macho, vaa glavu, na maji safi mengi yawe karibu yako.

Kwa plasta, kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga chatosha. Mchanga uwe safi, usiwe wa ufuoni, maana huo una chumvi na utakuwa umemwalika adui yule yule uliyemfukuza. Rowesha ukuta kwanza, kisha paka tabaka nyembamba, uache siku kadhaa kabla ya tabaka nyingine. Chokaa haitaki haraka. Yenyewe huganda kwa kuvuta hewa, pole pole, na ikikaushwa na jua kali hupasuka, kwa hivyo itundikie magunia yaliyorowa na uinyunyizie maji asubuhi na jioni. Mafundi vijana hawaipendi kazi hii kwa kuwa saruji huwaacha waondoke jioni ile ile na fedha zao. Siwalaumu, wana watoto wa kulisha, lakini mwenye nyumba ni wewe.

Kazi iliyo nyepesi kuliko zote, na ambayo mtu na wanawe waweza kuifanya siku mbili, ni ile ya kupaka chokaa kila mwaka. Zimua chokaa iliyolowekwa mpaka iwe kama maziwa, ichuje kwa kitambaa, upake mikono mitatu minne myembamba. Ikiwa mbichi huonekana kama maji matupu, na watu hudhani haijashika wakaongeza uzito. Waache, kesho itakuwa nyeupe. Mababu walipaka Shaabani ili Ramadhani iingie nyumba ikiwa safi, na kwa kuwa mwezi mwandamo hurudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka, iko miaka ambayo Shaabani huangukia katikati ya masika na kazi ikawa bure. Lakini katika miaka hii ya 2025 na 2026, Ramadhani imeangukia Februari na Machi, kwa hivyo Shaabani ni ya kaskazi, ukavu mtupu. Nafasi kama hii haiji kila mara.

Sasa tupande juu. Paa la sakafu, lile bapa, limefanywa kwa boriti, juu yake mawe bapa ya matumbawe, na juu ya mawe chokaa na kokoto zilizopondwapondwa mpaka zikashikana. Adui wa paa hili si mvua. Ni maji yaliyosimama. Mlizamu ukiziba kwa majani na mavi ya njiwa, maji hukaa pale juu siku tatu yakitafuta ufa, na ufa hawaukosi. Kuzibua mlizamu ni kazi ya nusu saa na kijiti, lakini nimeingia nyumba ambamo chumba kizima kimehamwa kwa sababu ya mlizamu mmoja. Upande mmoja watu waweka ndoo na masufuria ya kukinga matone, na hakuna aliyepanda ngazi. Methali ya ufa na ukuta tumeiacha madarasani ikasahihishiwe watoto, kumbe waliyoitunga walikuwa wanazungumzia nyumba hasa!

Na maji yakishapenya, yanayolipa deni ni maboriti. Upana wa vyumba vyetu, wa kiasi cha mita mbili na nusu mpaka tatu, haukuchaguliwa na mjenzi bali na mkoko: hicho ndicho kimo ambacho mti unaweza kubeba paa zito bila kupinda. Boriti haiozi katikati, pale uonapo. Huoza nchani, pale ilipoingia ukutani, na plasta ya saruji inayoubakisha unyevu ndani ndiyo inayoiozesha. Chukua msumari mrefu, choma boriti karibu na ukuta. Ukikataa kuingia, mti ni mzima. Ukizama kama kwenye muhogo uliopikwa, weka nguzo ya kusaidia chini yake siku hiyo hiyo kabla hujafikiria jambo jingine. Mchwa nao utawajua kwa vile vijia vya udongo vinavyopanda ukutani. Usivifute ukadhani umemaliza. Vifuate mpaka chini vilikotoka, maana nyumba yao iko ardhini, wewe waona njia yao ya kwendea kazini tu.

Boriti mpya si rahisi kupata kama zamani, zilipouzwa kwa korija bila ya mtu kuulizwa. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu yake, na wakataji mikoko wa Lamu wakakaa bila kazi. Baadaye waliruhusiwa tena, lakini hukatwa kwa kibali. Hii ni sababu moja zaidi ya kuitunza boriti uliyonayo, huenda ni umri wa babu yako.

Liko jambo ambalo fundi hawezi kulitibu, nalo ni ujirani. Nyumba zetu zimeegemeana. Ukuta wako ndio ukuta wangu. Iko hadithi iliyopokewa na Abu Huraira, imo katika Bukhari na Muslim, inayomkataza mtu kumzuia jirani yake asichomeke mti kwenye ukuta wake. Tazama jinsi dini ilivyoingia mpaka kwenye tundu la boriti! Leo mtu ajenga bafu la vigae ghorofani, bomba likavuja ndani ya ukuta, jirani upande wa pili akaona doa linapanua mwezi hata mwezi, naye akiambiwa husema, "Kwangu pakavu." Kwako pakavu kwa sababu maji yako yako kwa mwenzako. Fungua mifereji yote usiku, kisha uifunge, uitazame mita ya maji. Ikiwa sindano yake bado yatembea na hakuna anayetumia, una bomba linalovuja, na jirani yako anasema kweli.

Na jambo la pili ni zito zaidi. Nyumba nyingi zinazoanguka si za maskini wala za wazembe. Ni za warithi. Mzee amefariki, ameacha mjane mwenye thumuni yake, wana na mabinti kila mmoja na fungu lake, mmoja yuko Jidda, mmoja London, wawili wamehamia bara. Thumuni ya nyumba ya vyumba vinne ni chumba gani? Hakuna anayejua, na kwa kuwa ni ya wote, si ya mtu. Aliyebaki ndani, aghalabu ni dada mkubwa, akitengeneza paa huambiwa ajitia umiliki. Asipotengeneza huambiwa ameiangamiza mali ya baba. Mwisho anakuja mgeni na fedha, nyumba ina nyufa, bei ni ya nyufa. Tumeona nyumba za Lamu zikienda hivyo moja baada ya moja, na waliouza wakarudi kuzipiga picha.

Wanazuoni wamekwisha kutupa njia katika mlango wa wakfu: mapato ya wakfu kwanza huutengeneza wakfu wenyewe, kisha ndipo wenye haki wagawiwe. Kwa nini warithi wasikubaliane hivyo hivyo kwa hiari yao? Kodi ya duka la chini ikiingia, fungu la chokaa na boriti litengwe kwanza, liandikwe na kutiwa saini na wote, walio hapa na walio ng'ambo, na dada aliyemo ndani apewe idhini ya kulitumia kwa risiti. Karatasi moja kama hiyo yazuia maneno ya miaka 20. Nimeiona ikifanya kazi katika nyumba mbili nizijuazo, na zote mbili bado zina wenyewe.

Kwa wakaao Mji wa Kale wa Mombasa, au Lamu iliyotiwa mwaka 2001 katika orodha ya urithi wa dunia, wakitaka kubomoa ukuta au kugeuza sura ya nje ya nyumba, wapite kwanza katika afisi ya Makumbusho ya Taifa ya mjini mwao. Wengi huiogopa kama korti, ingawa humo wamo watu wanaowajua mafundi wachache wa chokaa waliosalia. Ukienda, chukua mfukoni kipande cha plasta iliyoanguka. Watakitazama mgongoni, upande ulioshika jiwe, na wataanza kukuuliza maswali ya maana.