Tuta la Maua Mbele ya Nyumba: Jani la Kupapasa na Jani la Kuogopa



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya malaria, kuhara na chanjo. Mwezi huu tunakuja na jambo ambalo wengi hawalihesabu kuwa la afya: tuta la maua lililo mbele ya nyumba.

Jumapili moja ya Matawi, baada ya Misa ya pili, aliletwa kwetu hospitalini mtoto wa miaka 3. Watoto walikuwa wakicheza maandamano uani, kila mmoja na jani lake mkononi. Huyu mdogo alichuma jani kubwa la kijani lenye madoa meupe, akatafuna kikonyo chake. Alipofika kwetu ulimi na midomo vilikuwa vimevimba, udenda unamtoka, hata sauti ya kulia hana. Tulimlaza, tukaangalia pumzi yake usiku kucha. Kwa neema ya Mungu, kesho yake uvimbe ulipungua, akaanza kunywa.

Mama yake alituuliza, "Sista, sasa ning'oe maua yote?"

Tulimjibu, "Hapana, mama. Ng'oa lile moja, halafu tuta ulipange upya."

Mmea ule huitwa difenbakia. Ndani yake mna chembe kali kama sindano, za namna ileile inayomwasha kooni mtu anayekula gimbi bichi. Ulikuwa umepandwa ukingoni kabisa, pale mkono wa mtoto unapofika kwanza.

ANZA NA JANI, UA LIFUATE

Wengi wetu huchagua maua kwa rangi. Rangi ni njema, lakini ua hukaa siku chache, jani hukaa miezi. Tuta linalopendeza mwaka mzima ni lile lililopangwa kwa umbile la majani: pana karibu na jembamba, gumu karibu na laini, lililosimama karibu na linalotambaa. Ukipanda majani ya namna moja tu, hata yawe mazuri kiasi gani, macho huchoka.

Tena jani hujulikana kwa vidole. Mtoto hujifunza kwa kushika. Bibi au babu mwenye mtoto wa jicho haoni rangi vizuri, lakini akipapasa jani la rehani na kunusa mkono wake, amejua amefika mlangoni. Kwa hiyo panga tuta ukijua kwamba litashikwa.

JINSI YA KULIPANGA

Tuta lililo wazi pande zote lisizidi upana wa mita 1, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga. Likiwa ukutani, sentimita 60 zatosha.

Nyuma, panda mimea mirefu yenye majani makubwa. Kana ina majani mapana yanayoteleza na maua laini kama hariri. Masale, ambayo kwa Wachaga jani lake ni ishara ya kuomba msamaha, yana majani marefu yenye umbo la upanga. Mchaichai pia ukae nyuma, maana kingo za majani yake hukwaruza ngozi.

Katikati, weka mimea ya kimo cha kiuno. Lipo ua linalofanana na kilemba cha jogoo. Ukiligusa ni kama kitambaa cha mahameli. Kando yake weka zinia, yenye petali kavu kama karatasi. Mchicha mwekundu nao hupamba vizuri, na jioni unaingia chunguni.

Mbele, weka yale ya kupapasa: rehani laini yenye harufu, na rozimari yenye vijani vyembamba kama sindano butu. Rozimari haipendi maji mengi, hivyo ipande kwenye ncha ya tuta iliyo kavu, mbali na kana inayopenda unyevu.

Usipande mche mmoja mmoja wa kila aina. Panda mitatu mitatu pamoja, kisha rudia aina ileile upande wa pili. Hivyo tuta halitaonekana kama vitu vilivyomwagwa.

Kwa kibaraza chenye kivuli, tunalo ua letu wenyewe, vayoleti ya Usambara. Mwaka 1892 Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa wilaya kule Tanga, alipeleka mmea huo kwao, na leo unafugwa madirishani sehemu nyingi za dunia. Majani yake yana manyoya laini na hauna sumu. Mwagilia udongo tu, maana jani likilowa hupata madoa.

MIMEA YA KUONDOA

Nyumba yenye watoto wadogo isiwe na hii:

Difenbakia, tuliyokwisha kuieleza.

Olianda, yenye majani membamba magumu na maua ya waridi au meupe. Sumu yake hushika moyo. Ndugu yake mwenye maua ya njano kama kengele ni hatari vilevile, hasa mbegu zake.

Maua ya tarumbeta yanayoning'inia. Mtu akiyala huweweseka, kinywa hukauka na mboni za macho hupanuka.

Mnyonyo na mbono kaburi, ambazo mbegu zake watoto huzidhania karanga.

Mnyaa, unaotumika sana kwa ua wa boma. Utomvu wake ukiingia jichoni huleta maumivu makali na waweza kuharibu uwezo wa kuona.

Ukiing'oa, funika mikono, linda macho, kisha ifukie ndani sana. Usiichome moto, kwa kuwa moshi wa olianda nao una sumu. Usiwape mifugo.

MTOTO AKISHAKULA

1. Toa mabaki mdomoni kwa kitambaa safi, msukutue kwa maji.

2. Usimtapishe. Usimpe mafuta, maji ya chumvi wala mkaa.

3. Kama ni jicho, limwagie maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20, ndipo mwondoke.

4. Mlete hospitali mara moja, hata kama bado anacheza. Sumu nyingine huchelewa kuonekana.

5. Njoo na tawi la mmea ndani ya mfuko. Yule mama wa Jumapili ya Matawi alikuja na jani mkononi, nasi tukajua bila kupoteza muda tunapambana na nini.

Miezi michache baadaye alitupitisha nyumbani kwake. Pale palipokuwa na difenbakia palikuwa na rehani, na mwanawe alikuwa amechuchumaa akiipapasa na kunusa vidole. Mama hakumkataza.

Basi, ndugu wasomaji, kabla ya Jumapili ijayo zungukeni nyumba zenu, na katika jumuiya zenu ndogo ndogo mgawane miche iliyo salama. Mungu aliyeumba bustani ya kwanza azilinde familia zenu.