Kuruka Uwanjani na Kuruka Angani

Neno kuruka hutumika kwa mwanariadha na kwa ndege pia, lakini mwanafunzi wa fizikia hana budi kuzitenga maana hizo mbili. Mike Powell wa Marekani aliruka meta 8.95 mjini Tokyo mwaka 1991. Tangu mguu wake ulipoiacha ardhi, hapakuwa na kitu cha kumwinua tena. Kasi na pembe aliyoondokea vilikwisha kuiamua njia yake, na uvutano wa dunia ukamrudisha chini.

Ndege, kinyume chake, huendelea kuinuliwa. Mabawa yake huisukuma hewa chini, nayo hewa huyasukuma mabawa juu.

Tofauti hii si ya msamiati tu. Rubani akiinua pua ya ndege kupita kiasi, hewa huacha kuambaa juu ya bawa, kani ya kuinua hupungua ghafula, na ndege huanza kuanguka. Hapo rubani hana budi kuishusha pua, ijapokuwa ardhi i chini yake, ili hewa ipate kuambaa tena.

Basi darasani, panapo hatari ya kuchanganya, yafaa kusema mwanariadha huchupa, na neno kuruka liachiwe ndege.