"Panadol hakuna, mnataka mashine za jenomu?" (UZI)

Hii hoja hurudi kila msimu wa bajeti. Mtu anashika maiki, anauliza mbona tugharamie maabara ya kusoma jenomu na dispensari ya kijijini haina dawa. Makofi! Swali ni zuri, ila limechanganya mifuko miwili. 👇🏾

Dispensari na dawa zake ni kazi ya kaunti, kwa Katiba ya 2010. KEMRI ni taasisi ya serikali kuu. Ukifunga maabara leo, hakuna Panadol inayofika kijijini kesho kwa sababu hiyo.

Kusoma jenomu ni nini? Ni kusoma herufi zote za urithi wa kiumbe, moja baada ya nyingine. Ukiwa na za kirusi, unaweza kufuatilia kilikotoka na kinavyobadilika.

Mfano wetu uko Kilifi. KEMRI na Wellcome Trust wana kituo huko tangu 1989. Kabla ya Korona walikuwa tayari wanasoma RSV, kile kirusi cha kubana vifua vya watoto wachanga. Kwa hiyo mgonjwa wa kwanza wa Korona alipotangazwa Machi 2020, mashine zilikuwepo na watu wa kuziendesha pia. Baadaye wakasoma hadi sampuli za Komoro na Shelisheli. Ujuzi kama huo haununuliwi kwa tenda ya dharura, hata pesa ziwe ngapi.

Na pesa zenyewe? Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inataka asilimia 2 ya pato la taifa iende kwa utafiti. Hatujafika. Pengo linazibwa na wafadhili wa nje, na anayelipa huwa na sauti kuhusu kitakachochunguzwa. Mheshimiwa akilia "wageni wanatuamulia", muulize alipigia kura bajeti gani.

Kuna hofu moja lakini siwezi kuicheka: DNA zetu wenyewe. 2018 sheria ilibadilishwa ili serikali iweze kuchukua DNA wakati wa kusajili watu. Januari 2020 Mahakama Kuu ikakataa, ikasema ni kinyume cha Katiba. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo inaweka data ya jenetiki kwenye kundi la data nyeti.

Kwa hiyo mkienda kutoa maoni ya bajeti, ulizeni hivi: maabara itasoma virusi au watu? Kama ni watu, sampuli zitakaa wapi, na nani ataruhusu zitoke nchini?