Malipo ya Vyote: Istilahi ya Hoteli na Mipaka Yake

Nyumba za wageni mjini Bariadi, kama zilivyo katika miji mingi ya nchi yetu, hutaja bei ya chumba na kuongeza maneno "pamoja na chai". Msafiri aliyezoea hahitaji kufafanuliwa. Anajua kwamba chai hapa ni chakula cha asubuhi, wala si kinywaji peke yake, na kwamba mchana na jioni atajitafutia mwenyewe.

Kazi ya mfasiri huwa nzito anapoletewa mkataba wa hoteli ya namna nyingine: ile ambayo mgeni hulipa mara moja, aghalabu kabla ya kuondoka kwao, na malipo hayo yakabeba chumba, vyakula, vinywaji na burudani. Mtindo huu umestawi zaidi Zanzibar, hasa ufuo wa mashariki na kaskazini wa Unguja, ambako tangu miaka ya 1990 wageni wengi wa Kiwengwa wametoka Italia na kuuita "tutto incluso". Lakini si jambo la kuachiwa watu wa visiwani. Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 na makao yake makuu kuwa Bariadi, unagusa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Na Lamadi, wilayani Busega, iko karibu na lango la Ndabaka na Ghuba ya Speke ya Ziwa Viktoria. Wageni wanapita huko, na hoteli zipo. Zaidi ya hayo, mwaka 2021 sheria ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Mgeni na mwenye hoteli wakigombana juu ya chupa ya mvinyo au safari ya mtumbwi, hakimu atataka kujua neno lililoandikwa lilibeba nini.

Yafaa kwanza tuitazame asili ya kitu chenyewe. Mwaka 1950 Gérard Blitz, Mbelgiji, alianzisha Club Méditerranée na kuweka kambi ya mahema huko Alcúdia, katika kisiwa cha Majorca, Hispania. Mwanachama alilipa fedha moja kwa malazi, chakula na michezo. Hata hivyo vinywaji vya baa havikuwamo, na baadaye vikawa vinalipiwa kwa shanga ambazo wageni walizivaa shingoni. Mtindo wa kutia hata vinywaji hivyo ndani ya bei moja ulipata nguvu katika visiwa vya Karibi, hususan Jamaika: hoteli ya Couples huko Ocho Rios mwaka 1978, kisha Sandals ya Gordon Stewart huko Montego Bay mwaka 1981. Msomaji ataona kwamba tangu mwanzo neno "vyote" halikuwa na maana ya vyote kabisa. Palikuwa na shanga.

Sasa tuje kwenye maneno yanayopendekezwa. Linalosikika zaidi ni "hoteli jumuishi". Kwa sura ni neno zuri, fupi, lenye mnyambuliko unaokubalika. Tatizo lake ni kwamba limekwisha kupewa kazi nyingine. Walimu wanafahamu "elimu jumuishi", yaani elimu isiyomwacha nje mtoto mwenye ulemavu. Kwa hiyo anayesoma "hoteli jumuishi" atadhani ni hoteli yenye njia za viti vya magurudumu na milango iliyo wazi kwa watu wa kila hali. Kumbe hoteli tunayoizungumzia aghalabu ina ukuta na walinzi langoni, na mgeni aliyekwisha kulipia chakula chake hana sababu ya kwenda kula kwa mama lishe wa kijijini. Malalamiko hayo yamesikika Jamaika kwa wachuuzi na madereva wa teksi, na yamesikika Unguja pia. Kuiita jumuishi hoteli ambayo jirani zake wanalalamika kuwa imewaacha nje ni kuipamba kwa sifa isiyo yake. Kinachojumuisha ni bei, hoteli haihusiki.

Pendekezo la pili, "hoteli ya malipo yote", lina kosa la upatanisho ambalo ni rahisi kupita bila kuonekana. "Yote" hapo inafuata "malipo", na maana yake ni kwamba hoteli inadai malipo ya kila aina. Mgeni akisoma hivyo atakimbia! "Malipo ya mkupuo" nayo watumishi wa serikali wanaijua kutokana na mafao ya uzeeni. Inaeleza jinsi fedha inavyotolewa, lakini haisemi inanunua nini.

Kwa maoni yangu "malipo ya vyote" inafaa zaidi. Mabadiliko ni madogo, na upatanisho umehama kutoka kwenye fedha kwenda kwenye vitu. Isitoshe, sarufi yenyewe inatusaidia: vyumba, vyakula, vinywaji, vitanda na vifaa vya michezo vyote ni vya ngeli moja, navyo ndivyo hasa vinavyolipiwa. Ada, kodi na bima ziko nje ya ngeli hiyo, na kwa kawaida huwa nje ya bei. Zanzibar, kwa mfano, ilianza tarehe 1 Oktoba 2024 kumtaka mgeni wa nje alipe bima ya dola 44 za Marekani, hata kama hoteli yake ni ya malipo ya vyote. Nakiri kwamba ngeli haiwezi kufanya kazi ya mwanasheria, maana viingilio vya hifadhi vina "vi-" na bado hulipwa kwa mamlaka ya hifadhi. Hapo ndipo orodha inapohitajika.

Kwa ngazi za chini sioni haja ya kubuni. "Malazi tu", "malazi na kifungua kinywa", "malazi na milo miwili", "malazi na milo mitatu": kila moja inahesabika. "Huduma kamili" na "nusu huduma" ziepukwe, kwani nusu ya huduma yaweza kuwa kitanda kisicho na shuka.

Neno jingine linahitaji uangalifu kwa hoteli za kando ya ziwa. "Pwani" latokana na kupwa kwa maji ya bahari, ilhali Ziwa Viktoria halipwi na kujaa kila siku. Hoteli ya Lamadi haiwezi kuwa ya pwani. Ni ya ufukweni. Wala "mwalo" haufai, kwa kuwa huko ni mahali pa kupakulia samaki, na wavuvi wana haki ya kubaki na neno lao.

Mfasiri wa mkataba basi aweza kuandika hivi: "Mgeni atakaa kwa malipo ya vyote, yaani chumba, milo mitatu, vinywaji vilivyotajwa katika orodha ya kwanza, na michezo ya ufukweni. Kiingilio cha hifadhi, bima, kodi zinazodaiwa na serikali moja kwa moja kwa mgeni, na safari za nje ya hoteli havimo." Neno "havimo" lisiachwe hata pale mwenye hoteli anapoona linaharibu tangazo lake.