Mashine Kuukuu na Umeme wa Katoyi

Katika mtaa wa Katoyi, ulio ndani ya komini ya Karisimbi mjini Goma, ambako nyumba nyingi ni za mbao zilizosimamishwa juu ya mawe meusi yaliyotemwa na mlima Nyiragongo, si ajabu kukuta kompyuta iliyoingia nchini ikiwa imekwisha kutumika kwingine, imewekwa pembeni na kufunikwa kitambaa kwa sababu haiwezi tena kwenda sambamba na programu za siku hizi. Na tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipokomesha huduma ya kawaida ya Windows 10, wengi wamezidi kuzihesabu mashine za namna hiyo kuwa mizoga. Walakini kuyatunza mafaili ya jamaa nzima, na kumpa kila mmoja alitakalo kwa njia ya mtandao wa nyumbani, ni kazi nyepesi mno kwa prosesa, nayo huweza kufanywa bila kioo, bila kibodi wala kipanya, maadamu kuna diski, waya na umeme.

Picha za harusi, diploma, hati ya parseli, daftari za duka na sauti za wazee waliokwisha kutangulia, aghalabu hukaa ndani ya simu moja, na simu huibwa, huanguka, hufa. Na kuvipeleka vyote hivyo katika maghala ya ng'ambo kwa megabaiti za kununua ni gharama isiyovumilika kwa wengi. Imeenea dhana kwamba ruta isiyo na intaneti haina kazi, ilhali ruta hiyo hiyo huyachukua mafaili kutoka simuni hadi kwenye seva, yaani ile mashine kuukuu iliyo chumba cha pili, bila kula hata megabaiti moja ya kulipia, kwa kuwa safari yote haivuki uzio wa nyumba. Ufundi unaowezesha vyombo vya asili mbalimbali kuelewana katika jambo hili, uitwao Samba, ulianzishwa na Andrew Tridgell huko Australia, akautoa kwa umma mnamo 1992, na hadi leo haulipiwi. Mashine ya zamani sana yenye mlango wa mtandao wa megabiti 100 hupitisha megabaiti kama 12 kwa sekunde, hivi kwamba kuijaza diski ya gigabaiti 500 huchukua karibu nusu ya siku nzima. Lakini hiyo ni mara ya kwanza tu, na baadaye hupita yaliyo mapya peke yake.

Katika kuchagua mashine, sharti ni moja lisilo na mjadala: prosesa yake iwe ya biti 64, kama zilivyo nyingi zilizotengenezwa baada ya 2006, kwa sababu Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha prosesa za biti 32, na juu ya Debian ndiko inakosimama OpenMediaVault, programu ya bure inayoigeuza kompyuta yoyote kuwa ghala na kuendeshwa kutoka kwenye simu au kompyuta nyingine. Yafaa pia kubadilisha ile betri ya duara iliyopachikwa kwenye bodi, ya volti 3, kwa maana ikiisha nguvu, kila umeme ukatikapo mashine husahau tarehe, na picha za jana zikaandikwa kuwa za miaka mingi iliyopita.

Sasa tufike kwenye umeme, ambao ndio kadhi wa mambo yote haya. Tangu kituo cha Matebe kwenye mto Rutshuru kilipoanza kazi mwishoni mwa 2015, hali ya umeme mjini Goma imekuwa nafuu kuliko zamani, lakini hakuna mkazi asiyejua kukatika kwa ghafla. Kwa hiyo swali la kuuliza kabla ya kununua si mashine ina nguvu kiasi gani, bali ni namna gani itazimika. Ndani ya diski mna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na juu ya kila uso huelea kichwa cha kusomea na kuandikia, kikibebwa na upepo mwembamba ambao sahani yenyewe huuzua, na mwanya baina yao hupimwa kwa nanomita chache, hali unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Hewa hiyo huingia kwa tundu dogo lenye kichujio. Goma iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kadiri ya sehemu moja katika sita. Hilo halidhuru, kwa kuwa diski nyingi huidhinishwa hadi mita 3,000 hivi. Kinachodhuru zaidi ni vumbi jeusi la mawe ya volkeno, ambalo hujipanga baina ya mapezi ya chuma ya kupozea prosesa hata likawa kama zulia, na lisipotolewa kwa brashi laini feni huvuma usiku kucha bila faida.

Umeme ukikatika, hutendeka jambo la kustaajabisha: sahani bado zazunguka kwa kasi ziliyokuwa nayo, na mota iliyokuwa ikizizungusha hugeuka jenereta, ikatoa umeme kidogo unaotosha kukirudisha kichwa maegeshoni kabla upepo haujaisha nacho hakijaiangukia sahani. Ni hila njema, lakini ni ya dharura, na mzimo mmoja wa namna hiyo huichosha diski kuliko mizimo mingi ya kawaida. Fauka ya hayo, faili lililokuwa likiandikwa hubaki nusu. Mfumo wa mafaili wa ext4 huweka shajara ya yale unayokusudia kuandika, ukaweza kujirekebisha uwakapo tena, lakini shajara hiyo huokoa mpangilio wa ghala, wala si picha iliyokatizwa njiani.

Kwa ajili hiyo mimi ningechagua kompyuta mpakato kuliko ile ya mezani. Betri yake, hata ikiwa imezeeka na kubakiwa na dakika 15, yatosha kuipa seva nafasi ya kufunga mafaili na kuzimika kwa adabu, kazi ambayo mwenye kompyuta ya mezani hana budi kuinunulia kifaa kingine. Ila betri iliyovimba na itolewe hima, isije ikaunguza nyumba ya mbao. Tena mpakato hula wati 20 hivi, yaani karibu nusu ya uniti kwa siku, ilhali ya mezani yenye wati 80 hula karibu uniti mbili.

Diski, hata hivyo, isiwe kuukuu kama mashine. Kila diski hubeba kumbukumbu yake ya siri, isomwayo kwa programu ya bure ya smartctl: saa ilizokwisha kufanya kazi, na mahali palipoharibika pakahamishwa. Ukikuta saa 35,000, jua kwamba hiyo ni miaka minne ya kuwaka mfululizo, na muuzaji akikuapia kwamba ni mpya mwache na kiapo chake. Wahandisi wa Google walipochunguza diski zaidi ya 100,000 na kutoa habari zake mwaka 2007, waliona kwamba diski ikishaonyesha kosa la kwanza la uchunguzi wa uso wake, hatari ya kufa ndani ya siku 60 huwa mara 39 ya ile isiyo na kosa. Walakini waliona pia kwamba zaidi ya nusu ya zilizokufa hazikutoa hata moja ya ishara kuu za kuaminika.

Wengi hukimbilia kufunga diski mbili zinazoandikwa pamoja, ufundi ulioelezwa na Patterson, Gibson na Katz wa Berkeley mwaka 1988 kwa jina la RAID. Kwa nyumba ya kawaida naona ni anasa isiyo na maana kubwa, kwa sababu mtoto akifuta picha kwenye diski ya kwanza, imefutika kwenye ya pili papo hapo. Bora mafaili yanakiliwe kila usiku kwenye diski ya pili ya USB kwa programu ya rsync, na nakala za siku zilizopita zihifadhiwe, ili kosa la Jumatatu liweze kutenguliwa Alhamisi.

Inabaki nakala ya tatu, na hii isikae Goma. Lava ya tarehe 17 Januari 2002 iliingia hadi katikati ya mji, na tarehe 27 Mei 2021, siku chache baada ya mlima kulipuka tena, wakazi wa mitaa kumi waliamriwa kuhama alfajiri, wakaenda Sake, Rutshuru, Bukavu na Rwanda na kile walichoweza kubeba. Diski ya inchi 2.5 huingia mfuko wa shati. Apewe shangazi aliyeko Bukavu, ibadilishwe kila apitapo mtu wa kuaminika kwa boti, na yaliyomo yafungwe kwa usimbaji wa LUKS ili atakayeipekua njiani asione hati wala sura ya mtu. Neno la siri lisiandikwe kwa kalamu juu ya gamba la diski yenyewe, kama wafanyavyo wengi.