Istilahi za Uwanjani: Je, Maneno Yanayobuniwa na Wanahabari wa Michezo ni Kiswahili Sanifu?

Utangulizi

Mjini Kisii kuna soko kubwa liitwalo Daraja Mbili. Mwanafunzi wa sarufi hawezi kulipita jina hilo bila kusita. Nomino daraja, katika maana ya kivuko, huwekwa katika ngeli ya LI-YA. Wingi wake ni madaraja, na idadi yake ilipasa kuwa mawili. Hata hivyo, hakuna mchuuzi wa ndizi wala abiria wa matatu amwambiaye kondakta amshushe Madaraja Mawili. Jina limeshika, watu wamelizoea, na kosa, ikiwa ni kosa, limekwisha kuwa anwani.

Sokoni humo humo neno daraja lina maana nyingine tena. Kisii ndio makao ya klabu ya Shabana, iliyorejea katika Ligi Kuu ya Kenya mwaka 2023 baada ya kukaa nje kwa miaka 17. Mashabiki wake wanajua vyema maana ya kushuka daraja na kupanda daraja, na hakuna anayewaza mto wala kivuko wanapoyatamka maneno hayo. Maana hiyo imekuzwa na watangazaji wa redio na waandishi wa magazeti, nayo imeenea mpaka kwa mtu asiyesoma gazeti.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo walimu na wanafunzi wa Kiswahili hawana budi kulijibu. Mwanafunzi akiandika katika insha kwamba timu yake ilifumania nyavu katika dakika za lala salama, je, msahihishaji amtuze kwa ufasaha au amkate alama kwa kutumia lugha ya mitaani? Makala haya yanashikilia kwamba istilahi nyingi za wanahabari wa michezo ni Kiswahili halali, ila uhalali huo hautokani na umaarufu pekee. Kuna vigezo vya kuupima.

Chimbuko la Istilahi

Lugha ya kutangaza kandanda ilikomaa redioni. Msikilizaji wa redio haoni uwanja. Macho yake ni mdomo wa mtangazaji. Watangazaji kama Leonard Mambo Mbotela wa Sauti ya Kenya, ambayo baadaye ilirejelea jina la KBC, na Charles Hilary wa Redio Tanzania, waliofariki wote wawili mwaka 2025, walilazimika kuchora mchezo kwa maneno huku mpira ukiendelea kukimbia. Hapakuwa na nafasi ya kusubiri kamati ya istilahi iketi. Neno lilihitajika sasa hivi, kabla mpira haujatoka nje.

Baadaye magazeti kama Taifa Leo nchini Kenya na Mwanaspoti nchini Tanzania yalirithi msamiati huo na kuuongeza. Mwandishi wa gazeti naye alikuwa na dhiki yake: anaripoti mechi nyingi kwa siku moja, na akirudia neno mechi katika kila sentensi msomaji atachoka. Ndiyo sababu mechi ikaitwa pia mchuano, pambano, kivumbi, kipute na mtanange.

Mbinu za Uundaji

Ukichunguza istilahi hizi utaona kwamba zimeundwa kwa njia zilezile ambazo Kiswahili kimetumia kwa karne nyingi.

Njia ya kwanza ni upanuzi wa maana, nayo ndiyo iliyozaa matunda mengi zaidi. Nahodha ni mkuu wa chombo cha baharini. Leo anavaa utepe mkononi na kuongoza wachezaji wenzake. Kuotea ni kumvizia mtu au mnyama. Mshambuliaji anayejificha nyuma ya mabeki akisubiri pasi anafanya jambo hilohilo, na ndiyo maana mwamuzi humwadhibu kwa kuotea. Mtambaapanya ni mti wa darini ambao panya hupita juu yake. Mtangazaji akauona mwamba wa goli umelala vivyo hivyo, akauazima jina. Tasa ni asiyezaa. Mechi isiyozaa bao ikawa sare tasa. Nalo bao lenyewe lilihesabiwa barazani, katika michezo ya jadi, kabla ya kuhesabiwa uwanjani.

Njia ya pili ni sitiari na nahau. Kufumania ni kumkuta mtu ghafla akitenda jambo la siri, hasa la aibu. Anayefumania nyavu amezikuta hazina mlinzi. Dakika za lala salama ni zile za mwisho, watu wanapokaribia kuagana. Kutundika daluga ni kustaafu, kwa mchezaji aliyevua viatu na kuviangika ukutani asivivae tena.  Zote huchora picha kutokana na maisha ya kila siku.

Njia ya tatu ni utohozi. Goli, refa, kipa, beki, winga, kona na penalti ni maneno ya mkopo yaliyovishwa irabu na kuingizwa katika ngeli. Goli likapata wingi magoli. Kipa na refa wakafuata upatanisho wa viumbe wenye uhai, yaani kipa amedaka na refa amepuliza. Kando yao yapo maneno ya asili: mlinda lango, mwamuzi, mkwaju. Lugha haikulazimika kuchagua upande mmoja na kuutupa mwingine.

Njia ya nne, ambayo wachunguzi wengi huisahau, ni ukopaji kutoka lugha za mama. Taarifa za Kiswahili humwita AFC Leopards Ingwe, yaani chui kwa Kiluhya, na Gor Mahia huitwa K'Ogalo, jina litokalo katika Kijaluo. Wafuasi wa Shabana nao hujitambulisha kwa Ekegusii kama Tore Bobe. Majina haya hupita katika sentensi za Kiswahili bila mtu kushtuka, kama vile maneno ya Kiarabu na Kireno yalivyopita zamani.

Hoja za Wanaopinga

Wapo wasomi wanaoitazama lugha hii kwa jicho la shaka, na hoja zao hazistahili kupuuzwa. Kwanza, wanasema kwamba waandishi huzua neno jipya pale ambapo neno lipo tayari. Mfano wao ni kandarasi. Mchezaji hutia saini mkataba, na neno mkataba halikuwa na upungufu wowote. Kandarasi lilikuwa na kazi yake katika ujenzi na zabuni. Pili, maneno mengine huleta utata kati ya nchi na nchi. Mkufunzi wa timu katika gazeti la Kenya ni kocha, ilhali nchini Tanzania mkufunzi anajulikana zaidi kama mwalimu wa chuo cha ualimu. Tatu, kuna wingi wa lugha ya vita na mauaji: timu huchapwa, huzikwa, huangamizwa. Nne, yapo maneno ambayo msomaji wa kawaida hawezi kueleza asili yake, kwa mfano mtanange.

Hoja hizi zina uzito, lakini hazifikishi mahali ambapo wapinzani wanataka zifike. Kutojulikana kwa asili ya neno hakulifanyi haramu, kwa maana maneno mengi ya kila siku hatujui yalikotoka. La muhimu ni kwamba mtanange umeingia katika ngeli ya U-I na kupata wingi mitanange, na kipute kimepata vipute. Neno linalokubali sheria za ngeli limekubali uraia. Kuhusu ukali wa lugha, hilo ni suala la adabu na mtindo, si la sarufi.

Vigezo vya Kupima

Kiswahili Sanifu chenyewe ni tunda la makubaliano. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Baada ya uhuru, BAKITA liliundwa kisheria nchini Tanzania mwaka 1967. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ilitoka mwaka 1981, ikarekebishwa mwaka 2004 na tena mwaka 2013. Kamusi inayorudiwa mara mbili inakiri kwamba lugha haikungoji.

Aidha, historia imeonyesha kwamba idhini ya wasomi haitoshi. Neno ngamizi lilipendekezwa kwa ajili ya kompyuta, likazimika. Tarakilishi limebaki zaidi vitabuni na madarasani nchini Kenya, huku watu sokoni wakisema kompyuta. Kuotea halikuhitaji kampeni yoyote.

Kwa hiyo, neno la uwanjani lapaswa kuulizwa maswali manne. Je, linafuata muundo wa silabi na upatanisho wa Kiswahili? Je, linajaza pengo au linaongeza picha ambayo neno la awali halikuwa nayo? Je, linaeleweka Kisii, Mombasa na Dar es Salaam, au ni mali ya chumba kimoja cha habari? Je, limedumu kupita msimu mmoja wa ligi? Kuotea, nahodha na sare tasa yanafaulu maswali yote. Kandarasi linafaulu la kwanza na la nne, linajikwaa katika la pili. Mkufunzi linajikwaa katika la tatu, na mwandishi anayewaandikia wasomaji wa Afrika Mashariki nzima afadhali atumie kocha.

Litabaki swali la mahali. Somo la sajili linafundisha kwamba kila uwanja wa matumizi una lugha yake. Kufumania nyavu ni ufasaha katika taarifa ya mechi. Katika ripoti ya afya litakuwa kichekesho. Mwalimu anayelikata katika insha ya mchezo anamwadhibu mwanafunzi kwa kujua sajili ambayo darasa lilemtaka aijue.

Hitimisho

Istilahi za wanahabari wa michezo ni Kiswahili sanifu pale zinapotii sarufi, zinapokidhi haja na zinapoeleweka kote. Zinapokosa sifa hizo, zibaki kuwa mtindo wa gazeti mpaka wakati uziamue. Kazi ya vyama vya Kiswahili vyuoni ni kuzikusanya, kuzipanga katika ngeli, kueleza maana zake na kuwakabidhi watunga kamusi, badala ya kukaa kando na kipenga mdomoni. Mwanafunzi wa Kisii anayetaka kuianza kazi hiyo hahitaji safari ndefu. Na aende Daraja Mbili jioni ya mechi, akiwa na daftari, asikilize.