Umri Nao Unahitaji Daftari



Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi wanafunzi wa hapa Dubai tunaijua methali hii vizuri. Kodi ya chumba, ada, nauli ya metro, pesa za kutuma nyumbani, vyote tunaviandika mpaka fils ya mwisho. Lakini umri je? Muulize mwenzako mwezi uliopita umekwendaje, atakujibu, "Tunasukuma tu." Yaani mwezi mzima umeondoka na hauna hata risiti! Katika toleo hili ningependa tuzungumzie dawa ya kale ya tatizo hili, nayo ni kujihesabu, au muhasaba.

Neno muhasaba lina mzizi mmoja na neno letu "hesabu". Huko Baghdad, katika karne ya 9, kulikuwa na mwanachuoni aliyejulikana mno kwa kuihoji nafsi yake hata akaitwa al-Muhasibi. Alifariki mwaka 857. Baada yake akaja al-Ghazali (1058–1111), mwalimu mashuhuri wa chuo cha Nizamiyya. Mwaka 1095 aliacha cheo na heshima zote akaondoka Baghdad, kwani alipoipima nia yake aliona anafundisha kwa kutafuta sifa. Katika kitabu chake Ihya Ulum al-Din anaifananisha nafsi na mshirika wa biashara uliyemkabidhi mtaji. Asubuhi mnawekeana masharti, mchana unamchunga, jioni mnakaa kufunga hesabu. Mtaji wenyewe ni umri.

Wenzetu Wakristo nao wanalo jambo hili. Ignatius wa Loyola, ambaye kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho kilipigwa chapa mwaka 1548, aliwafundisha wafuasi wake kuchunguza dhamiri mchana na jioni, wakianza kwa kushukuru.

Na kwetu pwani je? Takriban miaka 200 iliyopita, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate alitunga Al-Inkishafi. Ndani yake anazungumza na moyo wake mwenyewe, anauliza kwa nini bado unaing'ang'ania dunia, kisha anauonyesha majumba ya matajiri wa Pate yaliyobaki magofu na makao ya popo. Jamani, mtu anayeishi chini ya maghorofa ya Dubai atakosaje kumwelewa?

Mimi ni mhandisi, kwa hiyo niruhusuni mfano mmoja wa fani yangu. Burj Khalifa lina urefu wa mita 828, na kila mtalii hupiga picha ile ncha. Lakini jengo lile limekalia nguzo 192 zilizochimbiwa zaidi ya mita 50 ardhini, ambako maji yana chumvi kali inayokula chuma. Ndiyo maana wahandisi waliweka huko chini mfumo wa mkondo mdogo wa umeme wa kuzuia kutu. Kutu haipigi kelele. Nia ya mtu nayo huharibika vivyo hivyo, kimya kimya, huku juu shahada zinaongezeka.

Sasa tufanyeje? Utaratibu ninaoufuata ni huu:

1. Asubuhi, kabla ya kushika simu, taja nia moja ya siku hiyo. Moja tu.

2. Jioni, baada ya sala au kabla ya kulala, tenga dakika 10. Anza na shukrani, kisha jiulize: leo nimemfanyia nani kazi? Nini kimenisogeza, na nini kimenirudisha nyuma?

3. Andika mistari mitatu kwa lugha uliyolelewa nayo. Kiingereza cha shule kinatufundisha kujipamba.

4. Kila mwisho wa mwezi, soma yote. Jambo linalojirudia ndilo linalokuonyesha njia yako.

Mimi mwaka huu ninamaliza uzamili. Kuna kazi hapa yenye mshahara mnono, na kuna chuo cha ufundi nyumbani kinachohitaji walimu. Daftari halijanichagulia. Limenionyesha tu kwamba siku nilizoandika kwa furaha ni zile nilizomfundisha mtu kitu, na kwamba kila nilipotaja mshahara niliwataja pia wazazi. Yote mawili ni kweli, na uamuzi lazima uyabebe yote mawili.

Tahadhari moja: kujihesabu si kujitesa. Mfanyabiashara hafungi hesabu ili ajipige, hufunga ili kesho auze vizuri zaidi. Ukiona daftari linakunyima usingizi, liweke chini uzungumze na shehe, padri au mshauri wa wanafunzi.

Ndugu zangu, viza ina tarehe ya mwisho na tunaijua. Umri nao una tarehe yake, ila hiyo hatukuonyeshwa. Basi tuanze leo usiku, mistari mitatu tu. Tukijaaliwa, tuonane toleo lijalo.